Kimashua cha sentimita 40: kukipima Mikindani, kukijenga mezani, kukishusha majini

Watoto wa pwani hukata ndala iliyochakaa, wakachomeka kijiti na kipande cha nailoni, na chombo kikakimbia. Mtu mzima anajenga mashua ndogo ya mbao kwa wiki sita, yenye mataruma (mbavu za ndani) na foromali (mti wa kushikia tanga), na upepo wa kwanza tu unailaza ubavu. Mikono yake haina kosa. Kosa ni la hesabu, nayo tutaifikia baada ya mbao.

Chombo tunachojenga hapa ni mashua ya kawaida ya Mtwara na Lindi: tezi (nyuma ya chombo) bapa, mlingoti mmoja ulioinamia mbele kidogo, tanga la pembe tatu. Mashua halisi iwe na urefu wa mita 8, upana mita 2.4, na kina cha mita 1 kutoka ukingoni hadi juu ya mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo. Skeli ni 1:20, kwa hiyo kimashua kitakuwa na sentimita 40 kwa 12 kwa 5. Skeli hii ina raha yake: kila mita ya chombo ni sentimita 5 za mezani, huhitaji kikokotoo. Ukishuka hadi 1:50 mbao zinakuwa nyembamba kama njiti za chelewa na hakitaelea kwa adabu. Ukipanda hadi 1:10 utakuwa na kitu cha sentimita 80 ambacho hakipandi bodaboda.

Kupima chombo chenyewe

Usichore kwa kukumbuka. Macho hukumbuka omo (mbele ya chombo) iliyochongoka kuliko ilivyo na tumbo jembamba kuliko lilivyo, na kimashua cha kukumbuka hutoka kimefanana na picha ya kalenda. Nenda na futikamba, timazi, mti mnyoofu wa mita 3, chaki na daftari. Chagua siku za bamvua, maji yanaposhuka kwa zaidi ya mita 3. Ghuba ya Mikindani ikipwa utapata saa mbili hadi tatu za kufanya kazi kabla maji hayajarudi. Lindi, ufuko wa upande wa kivuko cha kwenda Kitunda nao unafaa. Msalimu nahodha kwanza na umweleze unachofanya. Anayepima chombo cha mwenzake bila kuomba hudhaniwa mnunuzi, au mtu wa kodi.

Tafuta mashua iliyotiwa magadi (miti ya kuiegemeza), iliyosimama wima. Iliyolala ubavu haipimiki kwa timazi, maana kila kipimo kitabeba mwinamo wake. Anzia omo, piga alama ya chaki ukingoni kila baada ya mita 1. Utapata vituo saba kati ya omo na tezi. Kwenye kila kituo laza ule mti juu ya kingo zote mbili, utokeze nje, uninginize timazi kwenye ncha yake. Sasa pima kwa ulalo kutoka kwenye uzi hadi ubavuni, ukishuka sentimita 20 kwa 20 mpaka kwenye mkuku. Andika pia umbali wa uzi kutoka katikati ya chombo. Upande mmoja unatosha. Hata mashua iliyojengwa vizuri huwa haifanani kabisa kushoto na kulia, na huna haja ya kunakili makosa ya chombo pamoja na uzuri wake.

Pima vilevile mlalo wa fashini ya mbele (mti unaosimama kwenye ncha ya mkuku), mwinamo wa tezi, nafasi ya mlingoti kutoka omo, unene wa mlingoti chini na juu, na urefu wa foromali. Picha ya ubavuni ipigwe kutoka mbali, hatua 25 au 30, kisha uivute karibu kwa kamera. Ukipiga karibu, omo na tezi hupinda na picha haifai kwa kupimia.

Nyumbani, gawanya kila kipimo kwa 20 na uchore vituo saba kwenye karatasi ya manila. Halafu ondoa milimita 2 kuzunguka kila mchoro. Ulichopima ni nje ya mbao, na taruma linakaa ndani ya mbao. Wengi husahau hili. Chombo hutoka kimenenepa milimita 4 na hakuna anayejua kwa nini.

Mbao na vifaa

Kwa mkuku na fashini, hakuna kitu kama mpingo. Mbao nyingi huelea. Mpingo huzama, kwa hiyo uzito unakaa palepale unapoutaka, chini kabisa. Wachongaji wa vinyago hubakiwa na vipande. Omba au nunua hivyo. Kipande kinyoofu cha sentimita 32 ni cha kubahatisha, hivyo unganisha viwili kwa hanamu (mkato wa mshazari) ndefu isiyopungua sentimita 5. Mpingo una mafuta na gundi huuteleza: ufute kwa spiriti, ukaushe, gundisha papo hapo. Vumbi lake linawasha pua na macho, vaa barakoa. Ukiukosa, mkongo au mninga utafaa.

Papi za ubavuni ziwe za msonobari usio na vifundo. Seremala mwenye msumeno wa meza akupasulie papi 34 za unene wa milimita 2, upana milimita 8, urefu sentimita 45. Utatumia 24, kumi ni za kuvunjika, na zitavunjika. Mataruma yatoke kwenye plaiwudi ya milimita 4. Mlingoti na foromali ni mwanzi mkavu au tawi nyoofu la mti mgumu.

Gundi nyeupe ya seremala ni nzuri kwa kujengea, ila nyingi huyeyuka zikilowa siku nzima, kwa hiyo ndani na nje lazima vifunikwe epoksi, gundi ya kuchanganya isiyopitisha maji. Supagluu itumie kwa kushikizia tu. Peke yake huwa ngumu kama kioo, na kishindo kimoja cha ufukweni kinaiachia. Mengine unayo: vibanio vya nguo 30, pini za kushonea, wembe, msasa namba 80, 120 na 240, msumeno mwembamba wa kukatia michoro. Sindano iliyokatwa tundu ukiifunga kwenye keekee inatoboa milimita 1 safi.

Kichwa chini, miguu juu

Mafundi wa pwani huanza na mkuku, wakapandisha mbao za chini, ndipo mataruma yakaingia kufuata umbo la mbao. Fundi wa namna hiyo ana umbo zima kichwani. Wewe huna, kwa hiyo anza na mataruma.

Kata kila taruma kama herufi U yenye mikono ya milimita 8, lakini acha daraja la kuunganisha mikono miwili juu, na juu ya daraja acha miguu inayofika mstari mmoja, tuseme sentimita 8 kutoka mstari wa maji. Miguu yote ikiishia kwenye mstari huo, ukigeuza mataruma kichwa chini juu ya ubao mnyoofu wa sentimita 50 kwa 15, yatajipanga yenyewe kwa urefu sahihi. Gundisha kila baada ya sentimita 5. Hakikisha ubao haukupinda: uweke juu ya kioo cha dirisha, na ukiona mwanga chini yake, tafuta mwingine. Kila kosa la ubao litahamia kwenye chombo.

Tia mkuku kwenye pengo la milimita 8 chini ya kila taruma, ukiwa na fashini ya mbele na kipande cha tezi tayari. Kabla gundi haijakauka, chuchumaa uangalie kutoka omo hadi tezi kwa jicho moja. Mkuku uliopinda milimita 2 utakifanya kimashua kizunguke maisha yake yote, na usukani hautamaliza deni hilo.

Baada ya siku moja, piga hanamu mataruma. Ubao unapita kwa mshazari kuelekea omo, kwa hiyo ukingo wa taruma lazima ukatwe mshazari uleule. Laza upapi mmoja juu ya mataruma yote, angalia unapogusa kwa ncha tu, piga msasa namba 80 hadi uguse kwa upana wote. Taruma la katikati halihitaji karibu chochote. La kwanza na la pili huliwa sana.

Kuvika mbao

Hapa ndipo vimashua vingi hufia, na sababu ni moja: watu hubandika papi kama zilivyo. Pima kwa ukanda wa karatasi kutoka ukingoni hadi mkukuni kwenye kila taruma. Katikati utapata kama milimita 96, yaani papi 12 za milimita 8. Kwenye taruma la kwanza huenda upate milimita 60. Papi zilezile 12 lazima zitoshe pale, kwa hiyo kila moja iwe na milimita 5 omo. Ukilazimisha upapi wa milimita 8 upite pasipotosha, utapinda kwa ubavu wake, ukingo mmoja utainuka, na utaonekana kama magamba ya samaki. Andika hesabu ya kila taruma kwenye papi kwa penseli, zibane sita kwa pamoja, uzipunguze kwa randa ndogo. Zisipungue nusu ya upana wake. Hesabu ikitoa chini ya milimita 4, ishia upapi mmoja katikati ya safari na uache jirani zake wawili wakutane.

Loweka papi kwenye maji ya moto dakika 20 hadi 30, kisha izungushe ncha ya omo juu ya kopo lililojazwa makaa, polepole, hadi ikubali. Ikilia, simama. Iache ikauke ikiwa imebanwa mahali pake, ndipo utie gundi kesho yake. Gundi nyeupe kwenye ubao uliolowa haishiki, na ubao ukikauka husinyaa ukaacha ufa.

Utaratibu ni huu: papi tatu za juu kila upande, kufuata ukingo, halafu papi ya kando ya mkuku, kisha jaza kutoka pande zote mbili hadi zikutane kwenye mkunjo wa tumbo. Ukibandika moja kushoto, inayofuata ni ya kulia. Atakayemaliza kushoto kwanza kwa sababu kunaenda vizuri atakuta chombo kimejikunja kama ndizi, maana gundi na mbao zinapokauka huvuta. Kila jozi ikae kwenye vibanio saa moja. Masika, hewa ikiwa nzito, iache usiku kucha. Miezi ya Juni hadi Septemba, kusi (upepo wa kusini) kikavu, ndiyo ya kufanyia kazi hii. Mchana huohuo jozi nne zinawezekana.

Nyufa ndogo zijaze kwa vumbi la mbao lililokorogwa na gundi. Usijaribu kalfati ya kweli. Kwenye mashua kubwa pamba hukandamizwa kati ya mbao nene zilizopigiliwa misumari. Kwenye papi za milimita 2 pamba hiyo ni kabari, itazitenganisha.

Msasa namba 120 kisha 240, ukienda kwa urefu wa mbao. Kata miguu, katakata madaraja ya mataruma, na utakuwa na chombo kitupu ndani. Paka epoksi ndani mara mbili, hasa pembeni mwa mkuku ambako maji yatakaa. Nje mara moja, msasa, kisha rangi.

Rangi haina mengi. Mashua nyingi huwa na chini kweupe kwa sababu hupakwa chokaa na shahamu. Rangi nyeupe isiyong'aa inatoa sura hiyo. Juu ya maji acha mbao na vanishi. Mafuta ya sifa (ya papa) yaache ufukweni: yananuka, na rangi haishiki juu yake.

Uzito

Jaza beseni maji ya bahari. Sehemu ya kimashua inayotakiwa kuzama ina urefu wa sentimita 34, upana 11 na kina 3. Zidisha: 1,122. Lakini chombo si tofali. Umbo hili hujaza asilimia 45 hivi ya tofali hilo, yaani sentimita za ujazo 505. Maji ya bahari ya ujazo huo yana uzito wa gramu 518. Hicho ndicho chombo kizima kinapaswa kupima, pamoja na mlingoti, tanga na farumi (uzito wa kukituliza chombo). Mbao, rangi na matanga huja gramu 180 hadi 220. Zilizobaki, gramu 300 hivi, ni farumi.

Mashua kubwa hutia mawe au magunia ya mchanga. Hapa mchanga haufai: gramu 300 zinajaza karibu sentimita za ujazo 190, zinapanda juu ya mataruma, na uzito wa juu unapindua. Tumia madini ya risasi, vile vipande vya kuzamishia nyavu. Gramu 300 za risasi ni sentimita za ujazo 27 tu, zinalala kati ya mataruma kando ya mkuku. Usiyeyushe risasi jikoni. Moshi wake ni sumu na watoto ndio huumia zaidi. Zigonge kwa nyundo zilale bapa, unawe mikono. Usizigundishe kabla ya kuzijaribu majini: omo ikizama zaidi, rudisha mbili nyuma. Kikikaa sawa, zimiminie epoksi.

Sasa ile hesabu. Ukipunguza chombo mara 20, eneo la tanga hupungua mara 400 na kimo chake mara 20: nguvu ya kupindua imepungua mara 8,000. Lakini uzito wa chombo umepungua mara 8,000 na mkono wake mara 20: nguvu ya kusimamisha imepungua mara 160,000. Upepo wa ufukweni haukupunguzwa. Kwa hiyo kimashua ni kilegevu mara 20 kuliko mama yake, na upepo wa mita 2 kwa sekunde, unaochezesha majani tu, unakilaza kama upepo wa mita 9 kwa sekunde unavyoilaza mashua halisi.

Dawa ni mkuku wa kuvua, yaani wa kutoa na kurudisha. Kata plaiwudi ya milimita 3, urefu sentimita 12, kina sentimita 6, ipake epoksi, funga gramu 120 za risasi kwenye ukingo wa chini, ukizitoa kwenye zile 300. Juu yake gundisha vipande viwili vinavyokumbatia mkuku, na ushikize kwa vijiti viwili vinavyopenya. Majini utauona umuhimu wake. Kabatini unauvua, na chombo kinabaki na sura yake. Kuna wanaoona huo ni udanganyifu. Vyao hukaa kabatini.

Mlingoti, foromali na tanga

Mlingoti usimame kiasi cha sentimita 16 kutoka omo, uinamie mbele digrii 5 hadi 8, utokeze sentimita 28 juu ya ukingo. Unene milimita 9 chini, 6 juu. Usiugundishe, uchomekwe kwenye tundu la kipande kilichokaa juu ya mkuku, ili uweze kuusogeza. Foromali iwe sentimita 40, nene katikati na nyembamba kwenye ncha. Ile ya kweli mara nyingi ni miti miwili au mitatu iliyofungwa pamoja. Vipande viwili vya mwanzi vilivyopishana sentimita 14 na kuzungushiwa uzi vinafanana nayo, na havivunjiki.

Kitambaa ni bafta, si merikani. Merikani ni nzito kwa ukubwa huu. Ifue kwanza isije ikasinyaa baadaye. Tanga la kuanzia: sentimita 38 kwenye foromali, 32 nyuma, 28 chini, eneo la sentimita za mraba 440 hivi. Ukingo wa nyuma, usiofungwa popote, ufuate nyuzi za kitambaa. Ukikatwa mshazari unavutika, unapiga kofi kwenye upepo, na tanga halishiki. Shonea uzi mnene kuzunguka kingo zote uwe dasi. Chovya chai ya rangi dakika kumi likose weupe wa shuka.

Kamba ziwe nyuzi za pamba zilizopitishwa kwenye nta ya nyuki. Nailoni hung'aa na fundo lake hufunguka. Henza (kamba ya kupandishia foromali) yenye unene wa milimita 24 kwenye mashua ni milimita 1.2 kwako. Henza ipite kwenye tundu juu ya mlingoti, goshi (pembe ya mbele ya tanga) lifungwe karibu na omo, demani (kamba ya kuongozea tanga) ije hadi kijiti kwenye tezi, yenye fundo linaloteleza ili uirefushe na kuifupisha.

Kukishusha

Kabla ya bahari, rudi kwenye beseni. Sukuma ubavu wa chombo kwa kidole, ukitafuta mahali ambapo kinakwenda pembeni bila kugeuza omo wala tezi. Tia alama. Kisha tafuta katikati ya tanga: chora mstari kutoka kila pembe hadi nusu ya upande unaoikabili, mistari itakutana. Nukta hiyo iwe mbele ya alama yako kwa sentimita 2 hadi 3. Ikiwa nyuma, chombo kitageukia upepo, kisimame kikipigapiga tanga. Ikiwa mbele mno, kitakimbia na upepo kikakataa kurudi. Sogeza mlingoti au goshi. Usukani si wa kurekebisha kosa hili.

Chagua dimbwi lililobaki maji yakipwa, lenye maji ya magotini, asubuhi mapema kabla kusi hakijaamka. Funga mshipi wa kuvulia samaki wa mita 20 kwenye tezi. Usukani unyooke, kana (mkono wa usukani) ifungwe. Elekeza omo ili upepo uje kutoka ubavuni, demani ikiwa imelegea kiasi cha tanga kuacha kutikisika, kisha achia bila kusukuma. Kikilala zaidi ya nusu ya ubavu, punguza tanga, usiongeze farumi: ukipita zile gramu 518 ukingo unashuka na wimbi la kwanza linaingia. Kikienda mshazari kuelekea pembeni kuliko mbele, mkuku wa kuvua ni mfupi. Ongeza kina sentimita 1.

Ukimaliza, suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, fungua tanga, kausha kivulini. Jua la saa saba hupasua papi hata zilizopakwa epoksi. Msonobari unapendwa na mchwa na wadudu wa mbao, kwa hiyo kisikae sakafuni wala kugusa ukuta. Kiwekee stendi yenye mikono miwili iliyokatwa kwa mchoro wa taruma la pili na la sita, na kipande cha ndala chini ya kila mkono.